Ununuzi wa magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam

Ununuzi wa magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam ni biashara ya magari yaliyokuwa na mmiliki mwingine kabla ya kuuzwa tena. Mengi hutoka Japani, ambako, kama Tanzania, magari hupita upande wa kushoto na usukani huwa kulia. Huingia kupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha huuzwa katika yadi au kupitia madalali.

Familia nyingi hupendelea magari yaliyoinuka, kama vile Toyota RAV4, Toyota Harrier na Nissan X-Trail. Katika kata ya Manzese, wilaya ya Ubungo, Barabara ya Morogoro ni ya lami, lakini njia nyingi za ndani ni nyembamba na hujaa maji wakati wa masika. Gari la chini hugonga tumbo kwa urahisi katika njia za namna hiyo.

Cheti cha ukaguzi

Gari linaloingizwa nchini hukaguliwa kwa utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa nyakati tofauti ukaguzi umefanyika katika nchi linakotoka au baada ya gari kufika Tanzania. Cheti huonyesha kwamba gari lilifikia kiwango siku lilipokaguliwa. Si ahadi kwamba injini au giaboksi itadumu, wala si dhamana ya muuzaji.

Katika nchi kama Marekani, watengenezaji wa magari wana mipango ya kuthibitisha magari yaliyotumika: gari hukaguliwa, hurekebishwa, kisha huuzwa na dhamana ya muda maalumu. Kwa hiyo mnunuzi anayeambiwa kuwa gari "limethibitishwa" huhitaji kujua limethibitishwa na nani, lini, na nani atalipa likiharibika. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha baadaye. Inafaa iandikwe katika mkataba.

Magari mengi ya Japani hupita mnadani na kupewa karatasi ya hali ya gari. Kwa kawaida alama 4 au zaidi huonyesha hali nzuri, na herufi R huonyesha kuwa gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Kilomita zilizoandikwa humo zikizidi zile za kwenye dashibodi, mita imerudishwa nyuma.

Kodi na bei

Gari la abiria linaloingizwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, pamoja na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Magari makuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania huliruhusu, lakini kwa gharama kubwa zaidi. Kabla ya kulinganisha bei za yadi mbili, ni lazima kujua kama kodi na usajili vimo ndani ya bei.

Nyaraka na umiliki

Namba za chasisi na injini zinapaswa kulingana na zile za kwenye kadi ya gari. Kama gari limeshasajiliwa nchini, mnunuzi huangalia pia kama lina deni la faini za barabarani, na kama kadi halisi haishikiliwi na benki kwa ajili ya mkopo. Umiliki huhamishwa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Bila hatua hiyo, gari hubaki kwa jina la mwenye awali, hata kama fedha zote zimelipwa.

Haki za mnunuzi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa. Hata hivyo, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea sharti hilo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzigundua. Ndiyo maana kulizunguka gari na kulitazama rangi hakutoshi. Wanunuzi waangalifu huenda na fundi wao wenyewe, si wa yadi, huliwasha gari likiwa baridi na kulijaribu barabarani kabla ya kulipa. Malalamiko kuhusu udanganyifu wa kibiashara yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).