Je, Wajua? Mkenya Mwenye Pasipoti Mbili

Kabla ya Agosti 2010, Mkenya aliyekula kiapo cha uraia wa Marekani aliupoteza wa kwao. Katiba mpya ikafuta hilo: raia wa kuzaliwa haupotezi tena, na aliyeupoteza zamani ana haki ya kuomba arudishiwe. Ila sheria ya 2011 inamtaka autangaze uraia wa pili ndani ya miezi 3. Akinyamaza, faini yaweza kufika shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Adhabu nzito kwa fomu iliyosahaulika! Na akiutamani ubunge, kwa kawaida itambidi aukane ule wa kigeni. Majaji, ajabu, hawabanwi na sharti hilo.