Ndege ya Vijiti na Mpira: Kazi ya Baba na Mtoto

Katika kambi za askari na polisi mjini Kampala, kuanzia Mbuya hadi Nsambya na Naguru, watoto hawakosi mchezo. Hutengeneza magari kwa nyaya, husokota mipira kwa maganda makavu ya migomba, na siku za upepo hurusha tiara juu ya mapaa ya mabati. Lakini uko mchezo mwingine usiojulikana sana, nao humfundisha mtoto mambo mengi kuliko inavyodhaniwa: kuunda ndege ndogo ya mti wa balsa, inayoruka kwa nguvu ya mpira.

Ndege hii haina injini wala betri. Huuzwa vipande vipande ndani ya kasha la karatasi: vibao vyembamba, vijiti, karatasi ya shashi, propela, waya, ukanda wa mpira na ramani ya kuundia. Msafiri aliyenunua kasha kama hilo ng'ambo hudhani ameleta mchezo wa jioni moja. Kumbe ameleta kazi ya majuma mawili.

Wala asidhani mtu kwamba huu ni upuuzi wa kitoto. Mwezi Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo ya mpira mjini Paris mbele ya wataalamu, nayo ikakaa hewani kwa sekunde kama 11. Mabawa yake yalikuwa yameinuka kidogo pembeni, na mkia wake ulitegwa hivi kwamba ndege ilijisawazisha yenyewe bila rubani. Mwaka 1878, huko Marekani, mchungaji mmoja aliwaletea wanawe wawili kidude cha kuruka kwa mpira kilichofuata kazi ya Pénaud. Watoto hao, Wilbur na Orville Wright, walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakaunda vingine. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao ndio walioruka kwa ndege yenye injini.

Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ecuador. Hukua upesi, nao ni mwepesi ajabu. Meta moja ya ujazo ya mbao za balsa huwa na uzito wa kilo 160 hivi, hali mvule wetu hupita kilo 600. Hata hivyo wepesi wake si udhaifu. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda ndege ya kivita iitwayo Mosquito kwa kubandika balsa katikati ya mbao nyembamba ngumu. Nasi hatukunyimwa kabisa. Kando ya Ziwa Victoria huota mti wa ambachi, ambao wavuvi hufanyia vyelezo vya nyavu kwa sababu ya wepesi wake. Mtoto aliyekosa balsa aweza kujaribu vipande vikavu vya mti huo.

Sasa chukua mfano wa koplo mmoja aliyerudi likizo kutoka Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kwenda kulinda amani mwezi Machi 2007. Amekuwa mbali mwaka mzima. Nyumbani amemkuta mwanawe wa miaka kumi amerefuka, ana adabu, lakini humwamkia baba yake kama amwamkiavyo mgeni. Koplo anatoa kasha alilonunua njiani. Mtoto anashukuru kwa mikono miwili, kisha anabaki kimya.

Usiku huo, baada ya chakula, meza inafutwa. Ramani inatandazwa juu ya ubao laini na kufunikwa kwa karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa, ili gundi isishike ramani. Mama, ambaye ni mshonaji, anatoa kikopo chake cha pini. Kanuni ya kwanza ni kusoma ramani yote kabla ya kukata chochote. Ya pili ni kutumia wembe mpya, kwani wembe butu hausaidii ila kuchana, na mtu mzima lazima awe karibu. Ya tatu ni kuweka gundi kidogo. Kila tone lisilo na kazi ni mzigo ambao ndege italazimika kuubeba.

Vijiti hulazwa juu ya mistari ya ramani na kuzuiwa kwa pini pande zote mbili, bila kutobolewa katikati. Vikisha kuungwa, huachwa mpaka asubuhi. Kwanza huundwa pande mbili za kiwiliwili, kisha mkia, mwisho mabawa yenye mbavu zake.

Jioni ya tatu mtoto anakata ubavu mmoja wa bawa vibaya, nao unavunjika vipande viwili. Koplo, aliyezoea kuamrisha, anapaza sauti kama aliye mbele ya kuruta. Mtoto anaweka wembe chini taratibu, anaomba ruhusa, anakwenda kulala. Mezani hapasikiki neno.

"Baba watoto," mama anasema baadaye, "kitu kilichovunjika ni kijiti tu. Usivunje na kingine."

Kesho yake koplo anamwita mwanawe. Kwenye ukingo wa kibao kilichobaki anaweka ubavu mzima kama kigezo, anauzungushia kalamu ya risasi na kukata mwingine. Wa kwanza unaharibika mkononi mwake. Anaucheka, anakata wa pili, kisha anamkabidhi mtoto wembe akate wa tatu. Kutoka hapo kazi inakwenda, na maneno yanakuja yenyewe. Mtoto anauliza kama Mogadishu kuna bahari, na kama baba huogopa.

Mzazi na ajifunze hapa. Atakayeifanya kazi yote yeye mwenyewe atapata ndege nzuri na mtoto mtazamaji. Ubavu uliopinda kidogo, uliokatwa na mtoto, una thamani kuliko ulionyooka uliokatwa na baba.

Mifupa ikisha kukauka hulainishwa kwa msasa, kisha huvikwa karatasi ya shashi. Karatasi hiyo hunyunyizwa maji kidogo, nayo ikikauka hujikaza kama ngozi ya ngoma. Hapa ndipo wengi huharibu. Hewa ya Kampala, hasa miezi ya mvua, ina unyevu mwingi, na bawa lililoachwa kukauka ovyo hupindika. Lazima libanwe kwa pini juu ya ubao mpaka likauke kabisa.

Mpira nao una utunzaji wake. Hupakwa mafuta ya mbarika kidogo ili nyuzi zake ziteleze bila kukatana. Mafuta ya injini na mafuta mazito ya kujipaka yatokanayo na petroli hayafai, kwa sababu huuozesha. Mpira uliosokotwa hukatika kwa nguvu, basi nyuso ziwe mbali, na vidole visiwe katika njia ya propela.

Kabla ya kurushwa, ndege hupimwa mizani. Huegemezwa juu ya ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikilala sawa, imekaribia kuwa tayari. Majaribio hufanywa alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka, katika kiwanja kipana chenye nyasi, na kwa ruhusa ya wenye kiwanja.

Kwanza ndege husukumwa polepole bila kusokotwa mpira. Ikiinua pua, ikasita na kuanguka, huongezwa udongo wa mfinyanzi kidogo puani. Ikichomeka chini moja kwa moja, uzito wa pua hupunguzwa. Ikisha kuteleza vizuri, ndipo mpira husokotwa mizunguko 50, kisha 100, na kuongezwa kidogo kidogo. Propela izungukapo upande mmoja huilaza ndege upande wa pili. Dawa yake ni kuielekeza propela kidogo sana upande unaopinga ulalo huo, na kidogo chini. Na jambo moja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, la sivyo hakuna atakayejua ni lipi lililotibu.

Siku ya siku, ndege ya koplo inainua pua na kuanguka. Baba anafungua mdomo, kisha anaufunga. Mtoto anaiokota, anaitazama pande zote, anabandika punje ya udongo puani na kuisukuma tena. Mara ya nne inateleza. Mizunguko 100, inapanda. Mizunguko 200, inapita juu ya goli, inazunguka kwa upana, inashuka kimya kwenye nyasi. Mtoto anaikimbilia, na anaporudi hamwamkii mtu kama mgeni.

Likizo inapokwisha, ndege inabaki imening'inizwa darini, mbali na jiko na jua. Chini yake liko daftari lenye tarehe, idadi ya mizunguko, uzito wa udongo na hali ya upepo. Kila Jumapili mtoto humsomea baba yake tarakimu hizo kwa simu, na baba huuliza maswali kama fundi kwa fundi.

Katika miaka ya 1930 wazee wetu walisimama Port Bell wakistaajabia ndege za majini za Imperial Airways zikitua ziwani. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilianzishwa Soroti, na vijana wa Afrika Mashariki wakaanza kujifunza humo. Si kila mtoto mwenye ndege ya vijiti atafika huko. Lakini kila mmoja atakuwa amejifunza kusoma ramani, kupima kabla ya kukata, na kutafuta kosa bila hasira. Na katika nyumba ambayo zamu na safari humtenga baba na wanawe, majuma mawili ya gundi na pini si muda uliopotea. Haba na haba hujaza kibaba, na mizunguko midogo ya mpira ndiyo inayoiinua ndege.