Umeme umerudi, seva haiwaki: mwenye nyumba afanye nini?

Mvua kubwa inanyesha Kasaji, radi inapiga, umeme unakatika. Kisha unarudi ghafla. Taa zinawaka, redio inaanza kusema, lakini seva iliyo pembeni ya sebule imenyamaza. Ndani yake mna masomo ya watoto wanaojitayarisha kwa Egzetat, picha za familia na hesabu za deni za duka. Je, vyote vimepotea?

Mara nyingi vingali mle. Vinavyopotea kabisa hupotea sana juu ya haraka ya mtu baada ya umeme kurudi.

Seva ya nyumbani ni ordinateri tu, mara nyingi ya zamani, inayobaki ikiwaka mchana na usiku. Simu za nyumbani zinachukua vitu ndani yake kwa Wi-Fi, bila kula mega. Kwa programu sawa Kiwix, mwanafunzi anasoma Wikipedia bila intaneti. Lakini diski ikikufa, huenda ikabidi mpya itafutwe Kolwezi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasaji.

Jimbo la Lualaba lina mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950, na laini ya umeme ya Inga, yenye karibu kilomita 1,700, ilifika Kolwezi mwaka 1982. Hata hivyo migodi inakula umeme mwingi, na wakaaji wanajua delestaji vizuri. Wengi wanaishi kwa sola, batri ao groupe, na huko pia umeme unakatika bila kupiga hodi.

Juu ya nini inaumia

Ordinateri inapoandika kitu, inakishika kwanza kwenye memori ya muda, ndipo inakipeleka kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, ni sawa mtu kunyang'anywa kalamu kabla ya kumaliza neno. Mifumo ya leo, sawa ext4 ya Linux, inatunza daftari ndogo ya kazi iliyoanzwa. Ikiwaka tena, inaisoma na kujitengeneza. Ndiyo maana seva inaweza kuchelewa kufunguka siku hiyo. Mtu akiizima kwa nguvu juu ya kukosa uvumilivu, anaongeza kidonda.

Kufuata hatua kwa hatua

Kwanza, kungoja. Waya itolewe ukutani mara umeme unapokatika. Ukirudi, unaweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia karibu na volti 220. Taa ya kawaida inatosha kuonyesha: ikiwa mwangaza unachezacheza, seva ibaki imezimwa. Dakika kumi na tano hazimwui mtu.

Pili, kuangalia kama ina uhai. Ikiwa hakuna taa wala ventilateri inayozunguka, fundi anaanza na waya, fyuzi na alimantasyo, ile sanduku inayogawa umeme ndani ya ordinateri. Alimantasyo inabadilishwa nzima. Isifunguliwe, kwa sababu inaweza kushika umeme hata ikiwa imetolewa ukutani. Ikiwa kuna harufu ya kuungua, kazi isimame pale. Mara zingine mashine ni nzima, ila haijaambiwa ijiwashe umeme ukirudi. Mpango huo unawekwa ndani ya BIOS.

Tatu, saa. Ndani ya ordinateri nyingi mna batri ndogo ya duara ya volti 3, inayoitwa CR2032. Ikichoka, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na kurasa nyingi za intaneti zinakatala kufunguka. Watu wanasingizia virusi, kumbe ni batri ya bei ndogo.

Ine, diski, na hapa ndipo penye hatari. Ikiwa inatoa sauti ya kugongagonga, izimwe na ipelekwe kwa fundi. Ikiwa Linux inasimama na kuandika «emergency mode», mara nyingi ni diski ya nje iliyotajwa katika faili ya fstab lakini haikuonekana. Kuongeza neno «nofail» kwenye mstari wake kunaizuia isifunge njia. Ikiwa faili zingali zinasomeka, zinakiliwe kwanza kwenye diski ingine. Kisha tu ndipo fsck itumiwe, na kamwe si juu ya diski inayotumika wakati ule. Fsck inatengeneza mpangilio wa diski, na ili kufanya hivyo inaweza kufuta faili zilizokatika. Mwenye kuianza bila nakala anacheza kamari.

Tano, njia ya Wi-Fi. Seva inawaka vizuri lakini simu haziioni? Ruta iliyowaka upya inaweza kuipa adresi mpya. Adresi hiyo inasomwa kwenye orodha ya ruta, kisha inafungwa ili isibadilike tena.

Kabla ya mvua ingine

Onduleri, hata ndogo, inaipa seva dakika chache. Ikiunganishwa nayo kwa waya wa USB, inaweza kuiamuru ijizime kwa utaratibu. Asiye na uwezo huo anaweza kutumia ordinateri ya zamani ya kubeba: batri yake, ikiwa ingali na nguvu, ni onduleri tosha. Waya itolewe ukutani radi ikianza, maana hakuna kifaa cha bei ndogo kinachosimamisha radi.

Lakini kinga ya kweli ni nakala: diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa juma, kisha inatolewa na kuwekwa mbali, hata kwa jirani ao ndugu. Diski inayobaki imechomekwa itaungua pamoja na seva. Mashine iliyokufa inaweza kupata ingine, hata ikingoja safari ya Kolwezi. Picha za marehemu na masomo ya mwaka mzima haviuzwi popote.