Je, Wajua? Bei ya Kuchora kwa Kompyuta

Vitu vingi unavyovishika kila siku, kuanzia kizibo cha chupa hadi injini ya bodaboda, vilichorwa kwanza kwa programu za CAD, yaani programu za kusanifu vitu kwa kompyuta. Wenye viwanda hulipa mamilioni. Je, anayechora kwa kujifurahisha, mwenye printa ndogo ya 3D mezani, hulipa nini?

Dola 1,000 ziliwahi kuonekana bei ya bure

AutoCAD ilipotoka Marekani mwaka 1982, iliuzwa kwa takriban dola 1,000, na watu wakashangaa kwa urahisi wake! Kabla ya hapo, mitambo ya kuchorea iliuzwa pamoja na kompyuta zake kwa makumi na hata mamia ya maelfu ya dola. Leo leseni ya kudumu haiuzwi tena: unakodi, na kodi ya mwaka mmoja ni kama dola 2,000. Ni kweli kwamba dola ya 1982 ilikuwa na nguvu zaidi, lakini aliyenunua wakati ule alibaki na programu yake.

Mtaji wa SolidWorks ulitoka kwenye karata

Jon Hirschtick alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa blackjack wa chuo cha MIT, wale waliohesabu karata hadi kasino zikakasirika. Dola milioni 1 alizopata huko ndizo alizoanzishia kampuni ya CAD ya SolidWorks mwaka 1993. Miaka minne baadaye kampuni ya Ufaransa, Dassault Systèmes, ikainunua kwa dola milioni 310. Leseni ya kibiashara hugharimu maelfu ya dola, lakini mwaka 2021 lilitangazwa toleo la wapenda ufundi kwa dola 99 tu kwa mwaka.

Bwana yuleyule akaja na bei nyingine: siri zako

Hirschtick hakutulia. Mwaka 2015 yeye na wenzake walizindua Onshape, programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, na pia kwenye simu. Toleo la bure lipo, na lina nguvu za kweli. Sharti lake kubwa ni hili: kila unachochora kinakuwa wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kukitazama na kukinakili. Kwa anayechora kishikio cha kabati, hilo si neno. Kwa mwenye wazo la kuuza, hiyo ni gharama kubwa kuliko dola.

Bure, ila michoro 10 kwa wakati mmoja

Oktoba 2020, wapenda ufundi wanaotumia programu ya CAD ya Fusion 360 bila malipo waliwekewa kikomo: michoro 10 tu inayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Mingine hukaa kama kanga za akiba sandukuni. Ukitaka kutoa moja, rudisha nyingine. Tena ukipata dola 1,000 kwa mwaka kutokana na kazi hiyo, toleo la bure si lako tena. Kampuni inayoitengeneza ilitaka pia kuondoa uwezo wa kutoa faili za STEP, ambazo ndizo njia ya kuhamishia mchoro kwenye programu nyingine. Watumiaji walipiga kelele, na uwezo huo ukaachwa ubaki. Kelele hiyo ilikuwa ya haki kabisa.

Miaka 22 hadi toleo la 1.0

FreeCAD ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2002, lakini toleo lake la 1.0 lilifika Novemba 2024! Sababu mojawapo ni tatizo sugu. Programu huupa kila ukingo na kila uso wa umbo jina lake. Uliporudi nyuma na kuongeza tundu moja, majina yalivurugika: skrubu iliyokuwa juu ya kifuniko ikahamia ubavuni, au mchoro mzima ukavunjika. Wachangiaji, wengi wao wa kujitolea, walipambana nalo kwa miaka mingi hadi wakalipunguza makali. Hakuna ada, hakuna kikomo cha michoro, na unaruhusiwa kuuza unachokichora. Kwangu mimi, hii ndiyo ajabu kuu kuliko zote hapa.

Yuro 100,000 kwa wiki 7

Hicho ndicho kiasi ambacho watu wa kawaida walichanga mwaka 2002 ili programu ya 3D ya Blender, ambayo kampuni yake ilikuwa imefungwa, iwe mali ya wote. Hutumika zaidi kwa katuni na sanamu kuliko kwa vipuri vya vipimo kamili, na hadi leo ni bure.

Ukitaka kuanza bila senti, jaribu programu ya Tinkercad kwa maumbo mepesi, kisha uhamie FreeCAD. Na popote utakapochorea vipuri, programu ikiruhusu, hifadhi nakala ya STEP: programu kubwa za CAD karibu zote huifungua, hata kama ile uliyoanza nayo itapandisha bei kesho.