Friza ya bandani ipewe laini yake ya umeme

KATIKA mitaa mingi ya jiji la Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Nyakato na Igoma, banda la gari si lazima liwe na gari. Wapo walioligeuza kuwa fremu ya kuuzia samaki na barafu, na wapo wanaochomelea humo mageti na madirisha. Mtaji huhesabiwa kwa bei ya friza au mashine, pamoja na mzigo wa kwanza wa sangara au sato kutoka Mwaloni, Kirumba. Kinachosahaulika ni umeme.

Mara nyingi fundi huvuta waya kutoka soketi ya sebuleni, au hata laini ya taa, na kuupeleka bandani. Baada ya siku chache sakiti breka huanza kukata. Ikikata usiku watu wamelala, asubuhi samaki wameshalegea na mtaji umeondoka nao. Wengine huamua kuweka breka kubwa zaidi, jambo ambalo ni la hatari. Breka ipo kuulinda waya. Ikizidi uwezo wa waya, waya utaungua darini kabla breka haijakata.

Hesabu yake si ngumu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, hivyo laini yenye breka ya ampea 20 hubeba takriban wati 4,600. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikiwaka pamoja, zinabaki wati 1,600. Friza ndogo hutumia wati mia chache tu, lakini mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya huo. Mashine ya kuchomelea peke yake inaweza kuvuta ampea 30 au zaidi.

Dawa ni kutoa laini mpya kwenye meni swichi, yenye breka yake. Kwa friza, waya wa shaba wa 2.5 na breka ya ampea 16 au 20 kwa kawaida hutosha. Umbali nao uzingatiwe: waya wa 2.5 ukibeba ampea 20 kwa mita 30 hupoteza karibu volti 11, wakati waya wa 4 hupoteza chini ya 7. Mota inayopata volti pungufu huchemka na kuungua mapema. Mashine ya kuchomelea ipewe laini yake, yenye waya mnene zaidi. Mwenye kutaka mashine kubwa ya kusaga nafaka aombe TANESCO umeme wa njia tatu.

Aidha, Mwanza ni mji wa mawe. Nondo ya ethi ikigonga mwamba baada ya futi mbili, haifanyi kazi ipasavyo, hasa kiangazi udongo unapokauka. Fundi atafute mahali penye udongo wa kina na unyevu, kisha aipime.

Gharama ya umeme nayo iingie kwenye hesabu ya biashara. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa nyumbani alilipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Aliyehamishiwa kundi la matumizi ya kawaida alilipa Sh292. Nyumba ya uniti 60 ililipa Sh6,000. Ikiongeza friza inayokula uniti 2.5 kwa siku, jumla inafika uniti 135, na bili katika kundi la pili ni Sh39,420. Kwa hiyo friza haikuongeza Sh7,500 bali Sh33,420, na fedha hizo sharti zitoke kwenye faida ya samaki.

Hivyo basi, kabla ya kununua friza, mfanyabiashara amwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague meni swichi, waya na ethi. Gharama ya laini mpya ni sehemu ya mtaji, sawa na friza yenyewe.