Usipake Kitu Kwenye Chuchu ya Chupa

Likizo ya uzazi hapa Oman siku hizi ni siku 98, na kila zinapokaribia kwisha swali huwa lile lile. Mama anakaa mbele yangu, mtoto wa miezi mitatu yuko mapajani, ananiuliza: "Sista, nipake nini kwenye chuchu ya chupa ili ashike?" Wengine hawaulizi, wameshapaka: asali ya mkunazi, asali ya tende, maji ya sukari. Jibu langu ni moja: usipake kitu. Nimechoka kulisema kwa mmoja mmoja, basi leo naliandika ili lisomwe na wote, wakiwemo mabibi.

Swali lenyewe limekosea njia. Mtoto anayekataa chupa hakatai ladha. Maziwa ya mama ni matamu tayari. Kila mililita 100 zina takriban gramu 7 za sukari ya maziwa. Anachokataa ni kazi mpya aliyopewa ghafla. Kwenye ziwa anafungua kinywa wazi, chuchu inaingia mpaka karibu na kaakaa laini, ulimi unalibana ziwa kwa chini. Anafyonza haraka haraka bila kupata kikubwa, mpaka maziwa yashuke. Hapo anameza, anavuta pumzi, anapumzika, anaanza tena. Mwendo wote anauongoza yeye. Chupa ikiinuliwa juu, maziwa yanamiminika mara tu chuchu inapogusa ulimi. Yanampalia, anakunja uso, anaisukuma nje. Bibi anaichovya kwenye asali. Mtoto anailamba, anafyonza mara mbili tatu, asali inakwisha, maziwa yanamjia kwa kasi ile ile. Anaitema tena. Tatizo liko pale pale, isipokuwa sasa ana asali tumboni.

Na asali ni hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi kwenye udongo na vumbi. Mimi na wewe tukizila, zinapita tu, kwa kuwa utumbo wetu umejaa bakteria wengine wasioziachia nafasi. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujajengeka hivyo. Humo spora zinachipua na kutoa sumu inayokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Dalili ya kwanza aghalabu ni kufunga choo. Kisha kilio kinafifia, kope zinalegea, shingo haishiki kichwa, na mtoto aliyekuwa akinyonya kwa nguvu hawezi tena kunyonya. Misuli ya kupumua ikifikiwa, anawekwa kwenye mashine. Madaktari wameutambua ugonjwa huu kwa watoto wachanga tangu mwaka 1976. Wengi hupona wakiwahishwa, lakini baada ya wiki nyingi za hospitali.

Hoja ninazopewa nazijua zote. "Asali yetu ni safi, tumeinunua Rustaq kwa mfugaji tunayemjua." Siulizi uaminifu wa mfugaji. Nyuki anatua kwenye maua na kwenye vumbi, na asali ya mkunazi isiyoongezwa kitu inaweza kuwa na spora sawa na ya dukani. "Tumeichemsha." Maji yanayochemka jikoni hayaziui, zinahitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, na asali iliyopikwa hivyo hakuna atakayeitaka. "Ni tone tu." Spora hazionekani kwa macho, na tone linazitosha. "Sisi sote tulipewa, na tuko wazima." Ni kweli, wengi wanaopewa hawaugui. Ndiyo maana imani hii haifi: waliosalimika wapo wanasimulia, na aliyeugua huanza kuonyesha dalili siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna nyumbani anayekumbuka ile chupa.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya dini, nami naiheshimu. Asali ina shifaa, na kwangu haikosekani. Lakini kitu chenye shifaa kina umri wake na mahali pake, kama dawa yoyote tunayoifungia kabatini watoto wasiifikie. Wala tahniki, ile desturi ya kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kinywani, isiletwe hapa. Iliyozoeleka ni tende, mara moja, siku za mwanzo. Haina uhusiano na kumhadaa mtoto wa miezi mitatu kwa asali kila mlo. Akitimiza mwaka, mpe.

Asali ya tende na sukari hazijulikani kuleta ugonjwa ule kama asali ya nyuki, lakini nazo hazitibu kitu, na zinamzoesha mtoto utamu asiouhitaji. Ushauri wa "mwache na njaa, atashika tu" nao tuuache. Mtoto mwenye njaa kali analia, na anayelia hawezi kujifunza kitu kigeni. Kwa joto la Muscat anaweza kuishiwa maji upesi: nepi zinapungua, kinywa kinakauka, utosi unadidimia. Ukiyaona hayo, mpeleke hospitali.

Sasa ya kufanya. Usingoje Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi kazini Jumapili. Mtoto akishazoea ziwa vizuri, kwa kawaida baada ya wiki nne, mwonjeshe chupa mara moja kwa siku, kiasi kidogo. Ampe mtu mwingine, baba, bibi au yaya, na wewe utoke chumbani au nyumbani kabisa, maana harufu yako anaijua. Ampe akiwa ametulia na ana njaa kidogo. Chagua chuchu inayotoa maziwa polepole. Mtoto akae wima, chupa ilale karibu sawa na sakafu, chuchu iguse mdomo wa juu, mngoje afungue mwenyewe. Kila baada ya kumeza mara chache, iinamishe apumzike. Akikataa kwa dakika kumi, acheni, mrudie baadaye.

Yaonje maziwa uliyohifadhi. Yakinuka sabuni, hayajaharibika. Kimeng'enya kilichomo kimeyavunja mafuta, na wapo watoto wanaoyakataa. Safari nyingine yapashe moto mara tu unapoyakamua, mpaka mapovu madogo yatokee pembeni, kisha yapoze upesi na uyagandishe. Maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Garini yasafiri kwenye mfuko wenye barafu. Hesabu takriban mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Kazini, Sheria ya Kazi ya mwaka 2023 inakupa saa moja kila siku ya kumhudumia mtoto, kwa mwaka mmoja baada ya likizo. Iombe kwa maandishi.

Bado anakataa? Achana na chupa. Kikombe kidogo chenye ukingo laini, hata finjani ya kahawa iliyooshwa na kuchemshwa, kinatosha: mtoto awe wima, maziwa yaguse mdomo wa chini, ayalambe mwenyewe, usimmiminie. Hata watoto waliozaliwa kabla ya wakati hulishwa hivyo hospitalini. Aliyefikisha miezi sita na kuanza chakula anaweza kuruka chupa moja kwa moja na asipungukiwe na kitu. Na wengi hunywa kidogo mchana, wakafidia usiku kwa mama. Mradi nepi zinalowa na uzito unapanda, mtoto wako anashiba. Tunachotafuta ni maziwa yamfikie. Chombo kinachoyafikisha kitakuwa kile anachokubali yeye.