Uvimbe wa Titi kwa Mabinti Wetu

Huenda wako wasomaji watakaoona haya kulikuta jambo hili katika gazeti lisomwalo na nyumba nzima. Nasi tuliona haya hiyo hiyo, mpaka mwaka jana, binti mmoja wa chuoni kwetu, mwenye miaka 16, alipoacha kusoma ghafla. Watu wa nyumbani kwetu walikwenda kumtazama, ndipo ilipobainika kuwa ana uvimbe katika titi la kushoto. Ameuficha miezi mitano, usiku halali, kwa kuwa shangazi yake alifariki kwa saratani ya titi. Bibi yake alipopata habari akashauri uchanjwe na kutiwa dawa.

Alhamdulillahi, mama alimpeleka hospitali. Daktari alielezwa habari ya shangazi, akampima, akampiga picha ya ultrasaundi, akasema ni faibroadenoma. Huo si saratani, nao ndio uvimbe uonekanao zaidi kwa wasichana: ni wa mviringo, kwa kawaida hauumi, na ukiguswa huteleza chini ya vidole. Mara nyingi huangaliwa tu bila kukatwa. Saratani ya titi katika umri huo ni nadra mno.

Tena mama wajue kuwa mtoto wa miaka minane mpaka 13 aweza kuota kidonge chini ya chuchu, pengine upande mmoja tu, nacho huuma. Mara nyingi hilo ndilo titi lenyewe linaanza. Kisikandwe wala kisichanjwe, kwani kikiharibiwa titi laweza lisikue kabisa.

Lakini uvimbe ukikua upesi, ukiwa mgumu usiosogea, ngozi ikibonyea, chuchu ikitoa damu, au titi likiwa jekundu na mtoto ana homa, asicheleweshwe hata siku moja. Na uvimbe wowote usioondoka baada ya hedhi, daktari auone.

Haya ni katika imani, hatubishi. Lakini Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Daktari mwanamke akikosekana, dharura humruhusu mwanamume, mama akiwapo.

Binti yetu amerejea chuoni, yumo katika Suratu Yasin. Uvimbe wake ungalipo. Ameambiwa arudi kupimwa baada ya miezi sita, na safari hii mama yake ndiye ahesabuye siku.